Dawa hupimwa kwa mwili wa nani?

Mgonjwa anapotoka katika chumba cha daktari huwa ameshika karatasi iliyoandikwa idadi ya tembe na saa za kuzimeza. Humeza mbili asubuhi na mbili jioni, kisha akangojea nafuu. Ni nadra mno kumsikia akiuliza idadi hiyo ilikadiriwa na nani, wapi, na kwa kuutazama mwili wa nani. Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa la mtu aliyekosa shughuli. Hata hivyo limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yake, kwetu sisi wakazi wa Afrika Mashariki, si ya kupuuzwa hata kidogo.

Dawa ikishaingia mwilini haikai humo milele. Sehemu kubwa ya kazi ya kuibadilisha na kuiondoa hufanywa na ini, na ini nalo hufanya kazi hiyo kwa msaada wa vimeng'enya. Msomaji na aufikirie mtambo wa kusaga nafaka ulioko katika soko la kijijini. Ukiwa mzima, mahindi husagwa kadiri yanavyoletwa na foleni husonga. Ukiwa mkongwe, magunia hurundikana mlangoni. Ndivyo ilivyo kwa dawa: ini lenye vimeng'enya vizito huiacha irundikane katika damu hadi igeuke kuwa madhara, na ini lenye vimeng'enya vyepesi kupita kiasi huiondoa kabla haijatimiza kazi iliyotumwa. Mambo hutatanika zaidi pale dawa yenyewe inapokuwa haina nguvu mpaka kwanza isagwe. Kwa dawa ya namna hiyo, mwenye mtambo mkongwe hukosa tiba, naye mwenye mtambo wa kasi hupata nyingi kwa mkupuo.

Maagizo ya kuunda vimeng'enya hivyo yamo katika jeni, nazo jeni twazirithi kwa wazazi wetu kama tunavyorithi kimo na umbo la pua. Walimu wa bayolojia hupenda kuwafundisha wanafunzi somo la urithi kwa kuwataka wakunje ndimi zao, darasa likacheka, kengele ikalia. Sina ugomvi na ndimi. Nasikitika tu kwamba mwanafunzi aweza kumaliza sekondari akiwa amekunja ulimi mara kadha wa kadha bila kuambiwa kwamba sheria hizo hizo za urithi huamua kama tembe atakayopewa hospitalini itamponya au itamlaza.

Elimu hii ilianza kwa ajali. Wakati wa vita vya Korea, vilivyopiganwa kati ya 1950 na 1953, wanajeshi wengi wa Marekani walipewa primakwini ili kung'oa malaria iliyojificha katika maini yao. Baadhi yao, hasa wale wenye asili ya Kiafrika, walipungukiwa damu ghafla. Kisa chenyewe kilichunguzwa katika gereza la Stateville katika jimbo la Illinois, ambako wafungwa walikuwa wakijaribiwa dawa za malaria tangu miaka ya 1940, wakiitwa watu waliojitolea, kama kweli mfungwa aweza kusemwa amejitolea. Mwaka wa 1956 ikabainika kwamba walioathirika walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho kwa kifupi G6PD, ambacho huzikinga chembe nyekundu za damu. Wakati huo huo, isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka wa 1952, ilikuwa ikiwachoma baadhi ya wagonjwa nyayo na vidole kwa maumivu ya neva. Mwaka wa 1960 David Price Evans na wenzake walionyesha bayana kwamba watu hugawanyika katika makundi ya wanaoivunja dawa hiyo haraka na wanaoivunja polepole, na kwamba mgawanyiko huo hurithiwa.

Kisha kikaja kisa cha Robert Smith, mtafiti katika chuo cha udaktari cha hospitali ya St Mary's jijini London. Mwaka wa 1975 yeye na wenzake katika maabara walimeza kiasi kile kile cha debrisokwini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, ili wachunguze namna mwili unavyoibadilisha. Wenzake hawakudhurika. Smith alipata kizunguzungu, shinikizo la damu yake likaporomoka, akawa hawezi kusimama. Huenda mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa kupona na kuyaacha hayo. Yeye aliendelea kuuliza kwa nini, na mwaka wa 1977 kundi lake likachapisha jibu: kimeng'enya kimoja, ambacho sasa chaitwa CYP2D6, kilikuwa hakifanyi kazi katika ini lake. Kimeng'enya hicho hushughulikia dawa nyingi mno, zikiwemo za moyo, za akili na za maumivu.

Ilipobainika hivyo, wataalamu walianza kupima mataifa mbalimbali. Wazungu ambao kimeng'enya hicho hakifanyi kazi kwao walipatikana kuwa kati ya watu 5 na 10 katika kila 100, ilhali miongoni mwa watu wa Asia ya Mashariki ni takriban mmoja tu. Ajabu kubwa zaidi ilitoka kwa majirani zetu. Mwaka wa 1996 Eleni Aklillu, mwanasayansi wa Ethiopia, pamoja na wenzake nchini Sweden, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo. Nakala za namna hiyo humpa mtu mtambo wa kasi kupindukia, na miongoni mwa watu wa Ulaya ya kaskazini ni wachache sana walio nazo.

Jambo hili lina uzito gani? Chukua kodeini, inayotiwa katika tembe za maumivu na katika baadhi ya dawa za kikohozi. Yenyewe ina nguvu haba. Ni CYP2D6 inayoigeuza kuwa mofini. Mtu ambaye kimeng'enya chake kimelala ataimeza na asipate nafuu, na wauguzi huenda wakamwona msumbufu. Mtu mwenye nakala za ziada hupata mofini nyingi kwa muda mfupi, na mofini nyingi huzuia pumzi. Watoto kadhaa walikufa kwa njia hiyo baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafindofindo. Mwaka wa 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya kuwapa kodeini watoto waliofanyiwa upasuaji huo, na mwaka wa 2017 ikakataza wasipewe walio chini ya umri wa miaka 12.

Hapa ndipo penye mtego, na katika nchi kama yetu mtego huo una meno. Mtu akisikia kwamba watu wa taifa fulani huvunja dawa haraka kuliko wengine, hatakawia kuuliza: na kabila langu je? Tumezoea kuigawa kila kitu kwa makabila, toka kura hadi kazi, na sioni ajabu tukitaka kuyagawa hata maini. Kwa hiyo ni vyema tutazame jinsi tofauti hizi zilivyoenea hasa.

Upungufu wa G6PD ni mfano mwafaka. Mwanasayansi Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya na ambaye mwaka wa 1954 alieleza uhusiano wa selimundu na malaria, alichunguza pia upungufu huu miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Upungufu wa G6PD ni wa kawaida pwani na katika maeneo yaliyo kando ya Ziwa Victoria, na ni haba katika nyanda za juu. Ukiitazama ramani hiyo utadhani ni ramani ya makabila. La hasha! Ni ramani ya mbu. Mahali palipokuwa na malaria kwa karne nyingi, upungufu huo uliwakinga kwa kiasi fulani waliokuwa nao, wakaishi, wakazaa. Jamii zenye lugha zisizohusiana kabisa zilipata hali moja kwa kuwa ziliumwa na mbu mmoja, na watu wa lugha moja waliohamia milimani na mabondeni wakaja kutofautiana. Isitoshe, hata kule ambako upungufu umeenea, walio wengi hawana. Daktari anayekisia G6PD ya mgonjwa kwa kulisikia jina lake la ukoo atakosea, na atakosea kwa pande zote mbili.

Kosa la upande wa pili, yaani kudhani kwamba tofauti hizo hazipo, nalo limetugharimu. Mwaka wa 2003 kulitolewa dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyounganisha kloproguanili na dapsoni. Ilikuwa rahisi kwa bei, na iliundwa kwa ajili ya Afrika hasa. Dapsoni ilijulikana zamani kwamba huvunja chembe za damu za watu wenye upungufu wa G6PD, na Afrika ndiko upungufu huo ulikoenea. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kiasi cha damu cha wagonjwa wa namna hiyo kilishuka kwa namna ya kutisha, na mwaka wa 2008 dawa hiyo ikaondolewa sokoni. Miaka mitano ni mingi kwa dawa inayopewa watoto.

Lakini kisa ambacho kila mwalimu angepaswa kukijua ni cha efavirenzi. Kwa muda mrefu dawa hii ilikuwa mojawapo ya nguzo za tiba ya kupunguza makali ya UKIMWI, na mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza iunganishwe na nyingine katika tembe moja ya kila siku, iwe chaguo la kwanza kwa watu wazima. Kipimo chake kilikuwa miligramu 600 kwa mtu mzima yeyote, awe wa Oslo au wa Mutare. Efavirenzi huvunjwa na kimeng'enya CYP2B6, na aina ya jeni inayokizorotesha kimeng'enya hicho ni ya kawaida zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko Wazungu. Nchini Zimbabwe, Collen Masimirembwa na wenzake walichapisha mwaka wa 2008 matokeo ya kuwapima wagonjwa 74, na kiasi cha dawa katika damu ya takriban nusu yao kilikuwa juu ya kiwango kinachohesabiwa kuwa salama. Walipendekeza kwamba wenye nakala mbili za jeni hiyo wapunguziwe dozi. Zingatia tarehe: onyo lilichapishwa miaka mitano kabla ya pendekezo la dunia nzima.

Wenye nakala mbili za jeni hiyo nchini Zimbabwe ni takriban mtu mmoja kati ya watano. Efavirenzi ikizidi katika damu huuvuruga ubongo: kizunguzungu, ndoto za kutisha, huzuni isiyo na chanzo, na kwa wengine mawazo ya kujiua. Sasa mfikirie mama aliyeambiwa kwamba dawa hii ndiyo uhai wake. Kila usiku huota majinamizi, kila asubuhi huamka akiyumba kama mlevi. Akilalamika, aweza kuambiwa avumilie, atazoea, mbona wenzake wameizoea? Naye hana namna ya kujua kwamba mwenzake aliyeizoea huivunja dawa kwa kasi nyingine kabisa. Akiiacha, ataandikwa katika daftari kuwa mkaidi. Mtu wa namna hii hakushindwa na dawa kwa utovu wa nidhamu, na kumtwika lawama hiyo ni dhuluma.

Tena msomaji asidhani kwamba Waafrika wote wako hivyo. Wanasayansi waliowalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia walikuta kwamba jeni hiyo ya kuzorotesha ni ya kawaida zaidi Tanzania, na efavirenzi hupanda zaidi katika damu ya Watanzania. Kuhusu CYP2D6, Waethiopia wengi wana nakala za ziada kama nilivyotaja, ilhali nchini Zimbabwe iligunduliwa kwamba aina yenye nguvu pungufu, ambayo ni nadra kwa Wazungu, hupatikana katika takriban theluthi ya jeni hizo. Kodeini ile ile ya Addis Ababa si kodeini ya Harare. Bara la Afrika lina tofauti za kijeni nyingi kuliko bara jingine lolote, kwa kuwa hapa ndipo binadamu alipoishi muda mrefu zaidi. Basi neno "Mwafrika", likiandikwa katika kitabu cha dawa, humwambia daktari machache sana.

Wamarekani wamelikanyaga kosa hilo mara mbili, kila mara kwa mguu tofauti. Mwezi wa Juni mwaka wa 2005 waliidhinisha BiDil, dawa ya moyo ya kwanza kwao kutengewa watu wa rangi moja. Katika jaribio lililoipa ruhusa walikuwemo wagonjwa 1,050, wote wakijitambulisha kuwa weusi, na waliopewa dawa hiyo walikufa kwa uchache wa asilimia 43 kuliko wasioipewa. Hayo ni mafanikio, tena makubwa. Lakini maadamu hakuwemo mgonjwa mweupe hata mmoja, jaribio hilo halingeweza kuonyesha kwamba dawa hiyo ni ya weusi pekee, wala hakuna jeni iliyotajwa kuwa sababu. Rangi ya ngozi iliwekwa mahali pa sayansi.

Mara ya pili walitumia jeni zenyewe, ila jeni za watu wengine. Wafarini ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Ikipungua, damu huganda na mgonjwa hupooza. Ikizidi, huvuja damu hata ndani ya ubongo. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2013 lilikadiria dozi kwa kuzipima jeni za wagonjwa, kwa kanuni iliyohusisha aina za jeni ambazo ni za kawaida kwa Wazungu. Wagonjwa weusi waliokadiriwa kwa kanuni hiyo walikuwa katika kiwango kinachofaa kwa asilimia 35.2 ya muda, ilhali weusi wenzao waliokadiriwa bila kupimwa jeni walifikia asilimia 43.5. Yaani kipimo cha kisasa kiliwadhuru, kwa sababu aina za jeni zilizo za kawaida kwao hazikuwa zimetiwa katika hesabu. Jambo hilo halipaswi kutushangaza. Katika tafiti kubwa za jeni na maradhi zilizofanywa duniani hadi mwaka wa 2018, washiriki wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78, na wenye asili ya Afrika takriban 2.

Wapo watakaosema kwamba basi kila kitu ni jeni. Siafikiani nao. Aklillu na wenzake waliwalinganisha Waethiopia waishio Ethiopia na Waethiopia waishio Sweden, wakakuta kwamba watu wenye jeni sawa za CYP2D6 hawaivunji debrisokwini kwa kasi sawa. Mazingira, na pengine chakula, yana sehemu yake. Aidha, hapa kwetu wazee wa udaktari wanaikumbuka thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu ya bei nafuu iliyotumiwa miaka mingi Afrika Mashariki, ikisifiwa kwamba watu wa huku huivumilia kuliko watu wa Hong Kong na Singapore. Ukaja UKIMWI. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 1991 ulionyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye virusi alipata madhara ya ngozi kutokana na dawa hiyo, na baadhi yao walikufa. Jeni zetu hazikuwa zimebadilika. Maradhi mapya yaliikuta dawa ya zamani.

Kupima jeni za kila mgonjwa katika zahanati zetu, ambazo nyingine hukosa hata glavu, bado ni ndoto, na sipendi wale wanaowaahidi wananchi ndoto. Lakini yapo yawezekanayo. Wagonjwa wa Kenya wanaopewa isoniazidi ya kujikinga na kifua kikuu hupewa pia vitamini B6 ili kuzilinda neva, bila kuulizwa kama wanaivunja haraka au polepole. Dawa ya bei ndogo imefunika tofauti yote. Kuhusu efavirenzi, jaribio lililochapishwa mwaka wa 2014 lilionyesha kwamba miligramu 400 hutibu sawa na 600. Kumbe kwa miaka mingi watu walimezeshwa ziada ya theluthi nzima! Leo dolutegraviri, ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka wa 2017 na Shirika la Afya Duniani likaitangaza chaguo la kwanza mwaka wa 2019, imechukua nafasi yake, na aliyeteswa na ndoto zile amepata ahueni, ijapokuwa si kwa sababu kuna aliyemsikiliza. Tafenokwini, dawa mpya ya malaria inayojificha katika ini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2018, haitolewi kabla mgonjwa hajapimwa G6PD kwa tone la damu.

Iliyobaki ni kazi ya wale wanaozipokea dawa mlangoni. Kampuni inapoleta faili la dawa mpya kwa Bodi ya Dawa na Sumu, faili hilo linapaswa kuulizwa dawa ilijaribiwa kwa watu wangapi wa eneo hili, na kiasi gani kilikutwa katika damu zao. Bodi iwe na idhini ya kulirudisha lisipojibu. Vyuo vyetu vikuu vina maabara na vina vijana waliohitimu somo la kemia ya mwili ambao sasa wanauza simu mjini. Nao wauguzi na matabibu wanaofunzwa katika vyuo vyetu wafundishwe kuandika lalamiko la mgonjwa kama alivyolisema, pamoja na jina la dawa, kipimo chake na tarehe, kisha walipeleke mahali ambapo litasomwa. Fomu za kuripoti madhara ya dawa zipo tayari, na hazimgharimu mgonjwa chochote.